Wakulima wa Kimamba, Mnachoma Mali

Ndugu zangu wakulima wa Kimamba, bidii yenu haina mfano, na hakuna wa kuwafundisha kuamka alfajiri. Lakini kila mahindi yakishavunwa, moshi hutanda kuelekea Rudewa: mabua yanachomwa, nyasi zinachomwa, hata pumba za mpunga zinatiwa kiberiti. Kiangazi kikikaza, aliyewasha moto ule ndiye anayebeba ndoo asubuhi na jioni kunywesha nyanya zilizosimama kwenye udongo uliopasuka. Mola kampa nguo ya kuisitiri ardhi, yeye kaichoma!

Nyanya haitaki leo kulewa maji, kesho kufa kiu. Maji yakiyumba, madini ya kalsiamu hayalifikii tunda sawasawa, nalo huoza kitako. Hapo mtu hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa, na maradhi yenyewe hayana mdudu wala kimelea! Tandazeni nyasi kavu au mabua udongo ukiwa umelowa, unene wa sentimita 5 hadi 10, mkiacha nafasi kuzunguka shina lisije likaoza. Unyevu utakaa, magugu yatakosa mwanga, mizizi haitaungua kwa jua. Mvua nayo haitarusha tope kwenye majani ya chini, ambako ugonjwa wa bakajani tangulia hupenda kuanzia. Nyasi zikioza ni mbolea, tena bila deni. Ila msitandaze nyasi zenye mbegu, wala mabaki ya nyanya zilizougua. Huko ni kufuga adui.

Mtasema kazi ni kubwa. Je, inaizidi ile ya kupalilia kila mara na kuchota maji kutwa? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kituo cha utafiti cha Ilonga kiko humu humu Kilosa, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro mjini, kaulizeni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Na ninyi wachuuzi wa nyanya, siwezi kuwanyamazia. Mkulima kahangaika miezi mitatu, mnakuja na tenga lenye kilemba juu, mnalipa bei ya tenga moja! Ujazo huo wa kupita kipimo, yaani lumbesa, umepigwa marufuku, nanyi mnajua. Dhuluma hiyo mtamjibu nini Mwenyezi Mungu? Na ninyi wakulima msikubali kulijaza tenga hivyo. Chukueni mizani, mkatae kwa sauti moja. Mnunuzi akiondoka kwako asipate kwa jirani.