Acheni Kujumlisha 0.1, Jamani

Waandishi wa programu wenzangu, hili nalisema na atakayeudhika na audhike: acheni kutengeneza mfuatano wa namba kwa kujumlisha 0.1, tena 0.1, tena 0.1 mpaka mfike mwisho.

Fungua Python sasa hivi. Anza na 0, jumlisha 0.1 mara kumi ndani ya lupu. Hupati 1, unapata 0.9999999999999999. Kompyuta yako haijaharibika. Inahesabu kwa msingi wa mbili, na humo 0.1 haiandikiki kikamilifu, kama sisi tunavyoandika theluthi moja kwa desimali: 0.333 bila kufika mwisho.

"Lakini kasoro yenyewe ni ndogo!" Hilo ndilo jibu ninalopewa kila mara. Haya, tuje nyumbani. Mimi niko Chechelesi, basi tuchukue kaunti hii hii ya Isiolo. Tuseme unagawa eneo la Merti kwa latitudo ili kuhesabu mifugo: mistari kuanzia digrii 1 kaskazini, hatua ya 0.1, ukomee kabla ya 1.3 maana mwenzako anaanzia hapo. Unaandika kwa NumPy arange(1, 1.3, 0.1). Unatarajia mistari mitatu. Unapewa minne, 1.3 imeingia bila kualikwa! Hatua ya 0.1 ni kama kilomita 11 ardhini. Ngamia na mbuzi wa ukanda huo wamehesabiwa mara mbili, kwako na kwa mwenzako, na msaada wa ukame ukigawanywa kwa hesabu hiyo kuna watu watapunjwa. Ndogo hiyo?

Tarehe 25 Februari 1991, Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kuzuia kombora la Scud kutoka Iraq. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha ukazidisha kwa 0.1 iliyokatwa ili itoshee biti 24. Baada ya kuwashwa kwa saa 100 mfululizo, ulikuwa umekosea kwa sekunde 0.34 hivi.

Dawa ipo na haina gharama. Hesabu kwa namba kamili, halafu gawa: i/10, si i*0.1. (3*0.1 ni 0.30000000000000004, lakini 3/10 ni 0.3. Jaribu mwenyewe.) Au tumia linspace, utaje mwanzo, mwisho na idadi. Ila kumbuka nguzo za ua: nafasi 10 zinataka nguzo 11. Ukitaka 0 hadi 1 kwa hatua ya 0.1, omba 11. Wengi huomba 10 kisha huilaumu linspace.

Nyaraka za NumPy zenyewe zinashauri linspace pale hatua isipokuwa namba kamili. Na range ya Python inakataa desimali kabisa. Watu wanaiita kaidi, mimi naona ina adabu. Halafu hao hao wanaikwepa kwa kuandika while x < 1, lupu ambayo kwa hatua ya 0.1 kuanzia 0 inazunguka mara 11.