Unayejenga kijijini ukiwa mbali, mlipe msimamizi wako

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya Wachaga wanaorudi vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo, na wengi wao hufikia nyumba zilizojengwa wakiwa hawapo. Fedha zilitumwa kwa simu, fundi wa kijiji akapandisha kuta, na mdogo mtu au mjomba akaombwa "kuangalia angalia". Ndivyo wanavyojenga pia wenyeji wa Bukoba, Kisii na Kakamega waliotawanyika mijini na ughaibuni. Lawama nazo hufanana: saruji imepungua, ukuta una nyufa, ndugu amekula hela. Naamini mara nyingi kosa huanza kwa mtumaji mwenyewe, anayemtwika ndugu kazi ya msimamizi bila ujira, bila ramani na bila daftari.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Nguvu ya zege hutokana na uwiano wa saruji, mchanga, kokoto na maji, kisha na kumwagiliwa kwa siku saba au zaidi. Wahandisi huipima likishatimiza siku 28. Mfuko wa kilo 50 ukilazimishwa kutoa matofali kupita kiasi, matofali hayo hayatatofautiana na mazuri siku ya kupigwa picha. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, lakini likishapigiliwa juu ya kenchi, nani atalitambua kwenye kioo cha simu? Picha za kila Jumamosi, basi, si usimamizi. Anatakiwa mtu wa kusimama zege linapokorogwa, ahesabu ndoo, akague ringi za nondo kabla nguzo haijamwagwa zege, na kesho yake arudi kuona kama maji yamemwagiliwa. Hizo ni siku za kazi. Mjomba anayezitoa anaacha migomba na ng'ombe wake. Asipolipwa, atajilipa mwenyewe, au atapita jioni, achungulie, aende zake.

Wapo watakaosema kumlipa ndugu ni kuugeuza undugu kuwa biashara. Lakini kinachoua undugu ni ile tuhuma isiyoweza kuthibitishwa wala kukanushwa, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi undugu hupotea pamoja nayo. Ujira unaojulikana humpa mjomba heshima ya kudai chake, na humpa mtumaji haki ya kuhoji. Wengine watasema wezi wapo, hata wakilipwa. Ni kweli, ndiyo maana fedha itumwe kwa hatua, yaani msingi, boma, kupaua, plasta, na kila hatua ikaguliwe na fundi mwingine kabla ya kulipia inayofuata. Na kwa anayelalamika kwamba hana fedha ya msimamizi, jibu ni kupunguza nyumba. Vyumba viwili vilivyoezekwa vina faida kuliko boma la vyumba sita lililoota majani ndani.

Samani nazo zifuate kanuni hiyo hiyo. Kusafirisha makochi zaidi ya kilomita 500 bila mtu kupima upana wa mlango ni kubahatisha, na kuyafungia kwenye nyumba isiyokaliwa miezi kumi na moja ni kuyaachia panya na unyevu. Afadhali vitanda na meza zichongwe na seremala wa hapo kijijini, kwa vipimo vilivyochukuliwa ndani ya vyumba vyenyewe, na nyumba ipate mkaaji kabla ya kupata kabati la vyombo.

Kwa hiyo, kabla hujatuma fedha ya msingi, andika karatasi moja: kazi ni ipi, itachukua muda gani, ujira ni kiasi gani. Wewe tia saini, ndugu yako atie saini, na mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Karatasi hiyo ni rahisi kuliko mfuko mmoja wa saruji.