BIBI ASIFANYWE KISINGIZIO

Kila linapotajwa suala la watoto wadogo wa wanawake wachuuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, hakosekani mkubwa wa kusimama akajibu kwamba Mwafrika hulelewa na jamaa zake, na kwamba vituo vya kulelea watoto mchana ni mambo ya kuigiza Wazungu. Maneno hayo ni matamu masikioni, na sisi twayakataa. Hatuyakatai kwa kudharau malezi ya bibi. Sisi wenyewe tumelelewa na bibi zetu, na lugha hii tuandikayo tumeipata mapajani mwao. Twayakataa kwa kuwa asemaye hayo hajajisumbua kuuliza bibi huyo yuko wapi leo.

Huenda msomaji akasema: yatuhusu nini sisi watu wa visiwani mambo ya Kariakoo? Yatuhusu mno. Binti zetu wa Unguja na Pemba wamo katika mitaa ile wakiuza kanga, viungo na vyombo. Na wale watoto wanaoteremshwa botini Mkoani na kifurushi cha nguo, kuja kulelewa na wazee ambao wao wenyewe wangestahili kulelewa, ni wajukuu zetu.

Kariakoo, ambayo jina lake ni ukumbusho wa wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ilikuwa mitaa ya nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, na ua nyuma. Katika ua ule wanawake wa nyumba nzima walipika, walifua, walisukana nywele na kugombana. Mtoto akianguka aliinuliwa na aliye karibu. Akitukana alichapwa na huyo huyo, na mama yake hakuuliza. Bibi mwenye nyumba alikaa juu ya mkeka wake akiona yote. Kile kilikuwa kituo cha kulelea watoto, ijapokuwa hakikuwa na kibao mlangoni. Nacho kilisimama kwa sababu palikuwa na nyumba, palikuwa na ua, na palikuwa na mtu mzima asiyelazimika kutoka kwenda kutafuta.

Leo nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa, na pahala pake pamesimama maghorofa ya maduka na stoo. Ua umekwenda, na bibi amekwenda nao: yuko Mbagala, yuko Gongo la Mboto, yuko Chanika, au amerudi shamba. Na aliyebaki na nguvu yuko barabarani pamoja na binti yake, akikaanga mihogo. Mtu anayesema “mwachieni bibi” ameuza kiwanja cha bibi kwanza.

Basi mama atokaye Mbagala kabla ya adhana ya alfajiri afanye nini na mtoto wa mwaka mmoja? Wengine humfunga mgongoni, naye akashinda juani baina ya mikokoteni na moshi wa pikipiki. Wengine humwachia jirani mwenye watoto wake watano. Na wengi humwachia “jamaa”. Hapa ndipo tunapomtaka msomaji atulie. Jamaa huyo mara nyingi ni msichana mdogo aliyeletwa kutoka kijijini, aliyetolewa skuli kabla ya kumaliza, akaitwa mtoto wa shangazi ili isionekane kwamba ameajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Lakini pakishatajwa ujamaa, hapana mkaguzi abishaye hodi. Yule naye ana bibi yake. Mbona hatukumwachia?

Sheria hiyo hiyo humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini hupewa saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ni haki yake, wala hatumwonei kijicho. Lakini muuza nyanya hana mwajiri wa kumwomba ruhusa. Likizo yake ni zile siku ambazo akiba yake itamfikisha.

Ama huo uzushi kwamba vituo ni mambo ya kigeni, taarikh yaukanusha. Katika vijiji vya Ujamaa vituo vya watoto vilihimizwa na Serikali yenyewe. Bunge likatunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana mwaka 1981, na sharti la kuvisajili limo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hapa kwetu Unguja, tangu mwaka 1990, chekechea za mpango wa madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya themanini, zimeendeshwa na wanawake wa mitaa hiyo hiyo, kwa hadithi na nyimbo za hapa hapa. Nani amekuwa Mzungu kwa hilo?

Hatusemi kila kituo ni chema. Viko vyumba ambamo mwanamke mmoja hushinda na watoto thalathini mbele ya televisheni, mlango umekomewa, na ada hutakiwa kila asubuhi hata kama mama hakuuza kitu jana. Kituo cha namna hiyo ni stoo ya watoto. Tutakacho sisi ni chumba ndani ya soko au hatua chache kutoka sokoni, kilichosajiliwa, ambamo mama anayenyonyesha aweza kuingia na kurudi kwenye meza yake. Na walezi wake wawe bibi na shangazi hao hao wanaosifiwa majukwaani, wafunzwe na walipwe mshahara. Sifa hazinunui unga.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, lile alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua. Serikali ikatoa kiasi cha shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine kando yake. Mwaka 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 katika mitaa ile. Twawauliza wakuu wa soko: katika ramani ya majengo hayo, chumba cha watoto kimechorwa wapi? Kama kipo, tangazeni mlango wake na saa zake, na wanawake wetu walioko huko tutawaarifu. Kama hakipo, tuambieni ni sehemu gani ya ushuru wa wanawake hao itakayokijenga, na lini. Na mama atakayeuza saa nane za usiku, mtoto wake atakuwa na nani?

Jibu likitufikia tutalichapa katika ukurasa huu huu, bila ya kupunguza neno.