Nimpende mutumbula?

Usiku mmoja mwezi uliopita umeme ulikatika, nikaona niwasimulie wenzangu wa chumbani riwaya niliyokuwa nikiisoma kwa siri. Nilikuwa nimeifunika kwa karatasi ya kaki na juu nikaandika "Meeussen" kwa kalamu ya bluu. Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika haonekani hovyo na kitabu cha mapenzi ya wafu. Ni riwaya ya Charlaine Harris, Mmarekani, iliyotoka mwaka 2001. Mimi ninayo kwa Kifaransa, Quand le danger rôde. Nikaanza: kuna binti, Sookie, anahudumu katika baa ya mji mdogo wa Louisiana, naye husikia mawazo ya watu. Usiku mmoja anaingia mwanamume...

Hapo nikakwama. Nimwiteje? "Mumiani" ni neno la pwani, tena kamusi zinalieleza kwanza kama dawa, si kama mtu. Hapa Katanga tuna mutumbula, kutoka kitenzi kutumbula, ndugu wa tumbua ya Kiswahili sanifu. Nikasema mutumbula. Yaya aliyelala kitanda cha juu akainuka: "Sasa anapenda mutumbula? Ule binti iko na wazimu!" Hadithi ikafa palepale.

Alikuwa na haki. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu wakati wa ukoloni, anaonyesha kwamba huku kwetu na Afrika ya Mashariki watu hawakumwogopa mfu anayetoka kaburini. Walimwogopa mtu wa kazi: mzimamoto wa Nairobi, askari wa wanyama, mtu aliyetumwa usiku na Wazungu. Mnyonya damu wa vitabu vya Ulaya ana jumba na huzuni. Wa kwetu ana mwajiri.

Hata hivyo riwaya imenishika, na sitaki kujificha nyuma ya neno "utafiti". Imenishika kwa sababu ya ukimya. Sookie husikia kila kitu: tamaa ya mteja, chuki ya jirani, uongo wa rafiki. Hawezi kukaa na mchumba, maana anasikia anachowaza. Bill, yule mfu, ndiye wa kwanza ambaye kichwa chake hakitoi sauti. Mimi nimekulia katika lupango lenye familia tano, ambapo ukikohoa jirani anakupa pole kupitia ukutani. Nilipofika ukurasa ule niliuelewa kuliko mashairi mengi niliyosomeshwa kwa heshima kubwa.

Kuna mwalimu anayesema kwamba katika vitabu vya aina hii mapenzi ni sukari inayowekwa juu ya upelelezi ili viuzwe. Sikubaliani naye. Katika mji ule wanawake waliolala na wanyonya damu wanauawa mmoja mmoja. Kaka yake Sookie anashukiwa. Bibi yake anauawa jikoni mwake. Msomaji anauliza: nani anaua? Binti anauliza: huyu ninayempenda ni nani? Ni swali moja. Binti anayesikia mawazo ya mji mzima hamtambui muuaji, na mtu pekee anayemtuliza ndiye asiyeweza kumsikia. Toa mapenzi, upelelezi unabaki hesabu ya maiti. Toa upelelezi, mapenzi yanabaki kuguna. (Kuguna kupo, tena kwingi, sikitetei.)

Katika filamu ya mfululizo iliyotokana na vitabu hivi, True Blood, iliyoanza mwaka 2008, waandishi waliongeza jambo ambalo lingepaswa kuingia katika somo letu la isimujamii: lafudhi ya Kikajuni ya muuaji ni ya kujifunza, na vifaa alivyojifunzia vinakutwa kati ya vitu vyake. Mji mzima ulimwamini kwa sababu ya jinsi alivyotamka.

Aibu yangu basi si ya jalada. Bill alikuwa mwanajeshi wa Kusini katika vita vya 1861 hadi 1865, upande uliopigania utumwa. Bibi anafurahi mno kumpata shahidi aliye hai, kwa namna ya kusema, na anamwalika azungumze na chama chake cha historia. Nilizisoma kurasa hizo nikitabasamu. Filamu ilimfanya Tara, rafiki wa Sookie, kuwa Mweusi, na yeye anamuuliza Bill waziwazi kama alimiliki watumwa. Mimi nisiyehitaji kuchezwa na mtu yeyote, sikuuliza.

Usiku uliofuata wenzangu walitaka niendelee. Nikasema "vampiri", neno la sinema, wakaridhika. Nikafika kwenye nyumba ya kale ya Bill. Yaya akanikatiza: "Na mashamba yake, nani alikuwa analima?"

Jibu limo kitabuni. Bibi anauliza kuhusu ukoo wa mumewe, na Bill anajibu kwa adabu: walikuwa nao wawili, mwanamke wa ndani na kijana wa uwanjani, lakini sehemu kubwa walilima wenyewe, kama watu wake. Kisha mazungumzo yanaendelea. Nilikuwa nimelisoma na kulipita.

Nikawasimulia hilo pia. Tukanyamaza kidogo gizani. Halafu yaya akasema: "Haya, endelea. Nani anaua wale wanawake?"