Choo cha umma asichoweza kuingia mlemavu si cha umma

Choo kipya kinapozinduliwa sokoni au kwenye stendi ya matatu hapa Pwani, utepe hukatwa na hotuba hutolewa. Swali ambalo ni nadra kuulizwa siku hiyo ni hili: mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu ataingiaje?

Mara nyingi haingii. Mlangoni pana vidato vitatu, mlango wenyewe mwembamba, ndani ni tundu la kuchuchumaa. Pengine kipo chumba chenye alama ya kiti cha magurudumu, ila kimetiwa kufuli au kimegeuzwa stoo ya mifagio na ndoo.

Madhara yake hatuyaoni kwa sababu wenye kuyabeba huyaficha. Mchuuzi mwenye ulemavu, na joto letu hili, hujinyima maji kutwa ili asibanwe na haja. Mwili wenye kiu na mkojo uliozuiliwa hukaribisha maambukizi, na kwa aliyeumia uti wa mgongo hatari hiyo hufika hadi kwenye figo. Anayetambaa kwa mikono naye hupita juu ya sakafu iliyorowa najisi, kisha adhuhuri imwite akiwa hana twahara.

Sheria si haba. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mlemavu haki ya kufika mahali popote pa umma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye majengo ya umma wayarekebishe, na mwaka 2025 ikapitishwa sheria mpya. Kinachokosekana ni mchoro mzuri na msimamizi wa kuufuata.

Vipimo navyo vinajulikana. Mteremko unaofaa hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Vidato vitatu vya sentimita 15 kila kimoja vinahitaji basi mteremko wa zaidi ya mita 5. Jengo likishabanwa baina ya vibanda, nafasi hiyo haipatikani tena. Ndiyo maana "tutaongeza baadaye" ni ahadi hewa.

Mlango uwe na upana wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka ndani, mwili wake huzuia mlango unaofunguka kwa ndani. Pawe na nafasi ya mita 1.5 ya kugeuza kiti, choo cha kukalia chenye vyuma vya kushikilia kando, na maji yanayofikiwa na aliyeketi. Kopo lililowekwa kona ya pili halimsaidii kujitwahirisha. Asiyeona naye awekewe alama za nukta nundu mlangoni.

Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni mwa kaunti kabla ya Aprili 30 na kuidhinishwa kufikia Juni 30. Huo ndio wakati wa kumtaka mwakilishi wadi aonyeshe mchoro kabla mwanakandarasi hajachimba msingi. Na mwanakandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka mtu mwenye ulemavu aingie, ajisitiri, atoke, bila kubebwa.

Kamati zetu za misikiti nazo zisisubiri kaunti. Vyoo vya msikiti ndivyo kimbilio la wapita njia wengi mjini, na vidato vyake tunavijua.