Wakala wa Forodha ni Mkono Wetu, Si Kichwa Chetu

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi yetu jambo la mawakala wa forodha limekuwa likizungumzwa kwa uchungu. Wako wasemao kwamba wakala ni mtu wa kula jasho la mkulima, na kwamba yafaa Chama kijiombee leseni na kuitoa mizigo yetu bandarini kwa mkono wetu wenyewe. Wako na wengine wasemao, "Mpeni wakala karatasi na fedha, kisha rudini mashambani; hiyo ndiyo kazi yake." Mimi naona kauli zote mbili zina hasara ndani yake, na naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini.

Kwanza yatupasa kukumbuka kwa nini jambo hili ni geni kwetu. Tangu Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC) lilipoundwa mwaka 1968, tumezoea kuzipeleka karafuu zetu katika vituo vya Shirika. Mkulima alichuma, akachambua, akaanika, zikapimwa, akapokea fedha zake. Mambo ya meli na forodha hayakumhusu. Lakini leo Chama chetu kinaagiza vitu vyake chenyewe kutoka nje: maturubai ya kuanikia, magunia, mabomba ya kunyunyizia dawa. Na wanachama wenye mdalasini, pilipili manga na hiliki wanatafuta wanunuzi wa ng'ambo. Basi tumeingia mlango wa forodha hali hatukufundishwa desturi za nyumba ile.

Zamani mlango huo ulikuwa mwepesi kuufahamu. Mwaka 1833, Sayyid Said alipofunga mkataba wa biashara na Marekani, ushuru wa bidhaa zilizoshushwa uliwekwa 5 katika kila 100, na hesabu ikaishia hapo. Forodha yenyewe ilikuwa ikikodishwa kwa tajiri mmoja, naye akitoa kiasi maalumu kwa mwaka na kujikusanyia ushuru kwa makarani wake. Mtu mwenye kujua hesabu ya 5 katika 100 hakuhitaji wakala.

Siku hizi sivyo. Tangu tarehe 1 Januari 2005 nchi zetu za Afrika Mashariki zina umoja wa forodha, na sheria moja ya usimamizi wake iliyotungwa mwaka 2004. Bidhaa zote za dunia zimegawanywa katika mafungu zaidi ya 5,000, kila fungu na namba yake. Bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya hulipiwa ushuru wa 0, 10 au 25 katika 100 kwa kufuata namba hizo. Na tangu Julai 2022 limeongezwa daraja la 35. Karafuu, matunda yake na makonyo yake yote yamo katika kichwa kimoja, namba 09.07, lakini karafuu nzima ina namba yake ndogo na ya kusaga ina yake. Mafuta ya karafuu hayamo humo kabisa. Yamewekwa pamoja na mafuta ya manukato katika 33.01. Turubai la kuanikia liko 63.06, lakini plastiki ya kukata kwa mita iko 39.20. Mtu asiyejua ataandika "plastiki" kwa kuwa ndivyo anavyoliona turubai, na hapo kosa limekwisha kufanyika kabla mzigo haujafunguliwa.

Na tutazame hesabu yake, maana hapa ndipo wengi hulalamika kuwa wameibiwa. Tuseme tumeagiza kitu kwa bei ya dola 2,000. Nauli ya meli ni dola 450 na bima ni dola 50. Forodha haihesabu ushuru kwa 2,000. Inahesabu kwa 2,500, yaani bei pamoja na nauli na bima mpaka bandarini. Kama kitu kile kimo katika daraja la 25, ushuru ni dola 625. Kama kimo katika daraja la 10, ushuru ni dola 250. Tofauti ni dola 375, na yote imetokana na namba moja iliyoandikwa katika fomu. Juu ya hapo hufuata kodi nyingine na gharama za bandari. Kwa hiyo wakala mwenye elimu na uaminifu analipwa ujira wake kwa haki, wala sioni aibu kusema hivyo mbele ya wale wanaomwita mnyonyaji.

Sasa nawageukia wale wa upande wa pili, wanaotaka kumwachia kila kitu. Hao nawaomba wasome, au wasomewe, kifungu cha 147 na cha 148 cha sheria ile ya mwaka 2004. Kifungu cha 147 kinasema kwamba wakala aliyeidhinishwa huhesabiwa kama mwenye mali, na anadaiwa ushuru yeye binafsi. Wengi wanakijua hicho na wakafurahi. Lakini kifungu kinachofuata kinasema kwamba mwenye mali naye ana dhima kwa vitendo na maelezo ya wakala wake, na anaweza kushitakiwa kwa kosa alilolitenda wakala. Sheria ina huruma kidogo tu: mwenye mali hatafungwa gerezani kwa kosa la wakala ila ikiwa yeye mwenyewe aliridhia kosa lile. Lakini faini haina huruma hiyo.

Maana yake ni nini, ndugu zangu? Maana yake ni kwamba tunaweza kuajiri mkono wa kuandika, lakini hatuwezi kuajiri mtu wa kubeba dhamana yetu. Akija mtu akasema, "Tuandike bei ya chini katika ankara, tugawane faida," faida ile itagawanywa kwa wawili, na kosa litabaki na mwenye mali. Wala mtu asidhani kwamba mzigo ukishatoka bandarini mambo yamekwisha. Maofisa wa forodha wana uwezo wa kudai daftari na hati za mzigo kwa muda wa miaka mitano tangu ulipoingia au kutoka. Katika miaka mitano kishoka wa bandarini huwa amehama mji na amebadilisha namba ya simu, lakini Chama kiko pale pale na jina lake liko katika hati. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika forodha si mali peke yake. Hata heshima hupotea.

Jambo la kuchelewa nalo lafaa lielezwe. Mzigo ukikawia bandarini huzaa gharama za namna mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya bandari, kwa mahali ulipowekwa mzigo. Ya pili ni ya wenye meli, kwa kontena lao ambalo hatujalirudisha tupu. Zote mbili huanza baada ya siku za msamaha kwisha, na huenda zikala thamani ya mzigo mzima; na mzigo ulioachwa bila kutolewa waweza hatimaye kupigwa mnada. Mara nyingi ucheleweshaji huo haumtoki wakala wala ofisa. Unatoka kwetu: ankara haijafika, orodha ya vifurushi haifanani na ankara, au hati ya shehena imeandikwa jina la mtu badala ya jina la Chama. Mzigo wa kwenda nje nao una yake. Hiliki na mdalasini hutakiwa cheti cha afya ya mimea, na ukaguzi wake hufanywa kabla ya meli kuondoka. Anayekikumbuka cheti baada ya meli kung'oa nanga amekumbuka bure.

Je, basi Chama kiombe leseni yake chenyewe? Nimelipima sana shauri hili, maana linapendeza masikioni. Lakini leseni ya uwakala inataka dhamana ya fedha, inataka watu waliofuzu mafunzo ya kazi hiyo, inataka ofisi na mitambo ya kuunganishwa na forodha. Na sisi kazi yetu ina misimu. Sote twajua mkarafuu una mwaka wa kujaza majamvi na mwaka wa kuacha sakafu tupu. Mwaka wa uchache karani wetu wa forodha atakaa akitazama ukuta na mshahara ukienda, na mshahara huo utatoka katika fedha za wanachama. Zaidi ya hayo, Chama kikiwa mwenye mali na wakala pia, dhima ya 147 na ya 148 zote zitatuangukia kichwani mmoja. Sioni busara yake, angalau kwa miaka hii.

Shauri langu ni hili, na naomba lijadiliwe katika mkutano mkuu.

Kwanza, Chama kichague wakala mmoja kwa mwaka, kwa zabuni ya wazi, badala ya kila tawi kumtafuta mtu wake gatini. Kabla ya kumchagua, leseni yake iangaliwe katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na itazamwe kama bado ni hai. Nakala ya kuonyeshwa katika simu haitoshi.

Pili, apewe idhini kwa maandishi, mzigo kwa mzigo. Ofisa wa forodha ana haki ya kumtaka wakala aonyeshe idhini ya mwenye mali. Basi na sisi tuifanye idhini hiyo iwe ngao yetu, ionyeshe mzigo gani na kazi gani. Asipatikane tena kiongozi wa tawi anayetia sahihi katika karatasi tupu. Aliyetia sahihi katika karatasi tupu atasemaje kesho kwamba hakuridhia?

Tatu, ujira wake uwe kiasi kilichotajwa tangu mwanzo, na utengwe na fedha za serikali. Ushuru ulipwe kwa hati ya malipo yenye jina la Chama, na risiti yake irudi kwetu. Wakala akituletea jumla moja tu, "ushuru na mambo mengine", asilipwe mpaka aichambue kama tunavyochambua karafuu na makonyo.

Nne, katibu awe na jalada kwa kila mzigo: ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, vyeti, tamko la forodha na risiti. Jalada hilo lisitupwe kabla ya miaka mitano kupita. Na kama uamuzi wa forodha umetuumiza, tusinung'unike barazani. Sheria inatupa siku 30 za kumwandikia Kamishna atazame upya uamuzi huo. Lakini asiye na jalada ataandika nini?

Tano, matawi yaagize kwa pamoja. Vifurushi vidogo kumi vya matawi kumi vina fomu kumi na ujira mara kumi. Kontena moja la Chama kizima lina fomu moja, na wakala atatuheshimu zaidi kwa kuwa mzigo wetu una uzito.

Najua watakuwapo wa kusema kwamba haya ni mambo ya makarani, na mkulima ana mkarafuu wa kuhudumia. Nami nasema mkulima hakatazwi kuhudumia mkarafuu wake. Anaombwa jambo dogo tu: turubai lake likikwama bandarini na mvua imetanda, aweze kuuliza kwa jina hati gani iliyokosekana na nani aliyeikosesha, wala asiridhike na jibu la "mambo ya forodha hayo". Turubai linalofika baada ya karafuu kuvunda halimfai mtu, hata kama ushuru wake ulikuwa mdogo.

Wakala mwema tumtafute, tumlipe, tumshukuru. Lakini daftari, macho na neno la mwisho vibaki mikononi mwa wanachama, maana mali ni yao na jina lililo katika hati ni lao.

Wenu katika Chama,
Mwanachama wa Pemba