Siku 47 mfululizo na mdomo bado mzito

Nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya mitihani.

Leo nina dukuduku na ile programu ya Kifaransa niliyoweka kwenye simu. Siku 47 sijakosa hata moja: kwenye daladala, kwenye foleni ya kantini, hadi usiku wenzangu wamelala. Pointi kibao! Wiki jana mtihani wa kuongea, naulizwa wazazi wangu wanaongea lugha gani. Nikajibu kwa kujiamini, "ils parlent", na ile -ent nikaitamka yote kama ilivyo. Mwalimu akainamisha kichwa. Kumbe haitamkwi jamani! Parle, parles, parlent, kwa sikio ni kitu kimoja.

Sisi tumezoea ninasema, unasema, wanasema, badiliko liko mbele na linasikika. Wao wanalibandika nyuma halafu wanalimeza. Na mimi simu nilizima sauti nisisumbue watu, nabofya tu jibu moja kati ya manne. Kulitambua jibu ukiliona na kulitoa mwenyewe kichwani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sisemi muifute, kwa msamiati iko poa sana. Ila kwenye vitenzi vaa hedifoni, funika majibu, sema kwa sauti kwanza ndio ubofye.

Mshikaji mmoja wa Bukavu hapa hosteli kanikubalia nusu saa kila jioni. Jana nimesema "j'ai allé" badala ya "je suis allé" mara sita. Kacheka mpaka kakaa chini. Leo tunarudia.